Kiboko na Daftari la Zamu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Kontena!

Tena mawili! Wala si yale ya bandarini. Haya, visanduku vya programu, yalikaa ndani ya kompyuta ya Kindi, karani wa chemchemi ya Kitopeni. La kwanza lilitunza kanzidata ya zamu za maji, nani achote siku gani. La pili lilikuwa dirisha tu, la kuisoma na kuiandika kanzidata hiyo kwa kivinjari.

Ukame ulikuwa mkali. Zamu ya Kindi ilikuwa kesho, Jumanne, na wanawe watatu walishakauka ndimi. Jumapili hakuchota mtu, chemchemi ilipumzika.

Mara puu! puu! puu! Kiboko huyo.

"Kindi! Fungua dirisha. Siku zote saba ziwe zangu. Ukikataa nakukanyaga, wewe na mashine yako!"

Kindi akakaa, akasimama, akakaa tena. "Hewala, bwana mkubwa. Ngoja nikufagilie kwanza."

Taka-taka-taka, vibonye vikalia! Akaliondoa kontena la kanzidata, akawasha jingine la muda kwa jina lilelile, lile ambalo likizimwa linapotea na vyote vilivyomo. Akalimiminia nakala pekee ya majina aliyokuwa nayo. Dirisha halikujua tofauti, sembuse Kiboko.

Kiboko akafuta. Swala, futa! Nungunungu, futa! Kindi, futa! Akaandika Kiboko, Kiboko, Kiboko, mara saba, kwa dole gumba, jasho likimtoka.

"Zima! Utawasha mbele ya baraza. Na litakalosomwa, mtu asibishe!"

"Hata wewe?"

"Hata mimi!"

Kindi akazima, na Kiboko zote saba zikapotea. Mwenyewe akaondoka puu, puu, kuwaita wanyama. Kindi akabaki roho juu. Je, lile kontena la kwanza alikuwa ameliunganisha na diski ya nje, inayotunza majina hata kontena likiondolewa, au alisahau? Kama alisahau, majina yamekwenda, na wanawe hawanywi. Akakimbia huku, akakimbia kule, akakuna sikio. Mwisho akaliwasha upya, akachungulia. Swala yupo. Nungunungu yupo. Kindi yupo.

Akashusha pumzi. Lakini vidole havikutulia. Taka-taka, tak!

Baraza likajaa. Mwenyekiti Mbega akasoma: "Jumatatu, Swala. Jumanne, Kindi. Jumatano, Nungunungu. Alhamisi, Kiboko. Ijumaa, Ngiri. Jumamosi, Mbega. Jumapili..." Akasugua macho. "Jumapili, Kindi?"

"Mwizi!" akanguruma Kiboko. "Niliandika mimi, mara saba!"

"Uliandika wewe?" Mbega akamgeukia. "Na ulituambia nini njiani? Litakalosomwa..."

"Mtu asibishe!" wakaitikia wote.

Kiboko akaondoka, puu, puu. Wana wa Kindi wakanywa Jumanne, wakanywa na Jumapili.

Hadithi nimeizima, anayeitaka aiwashe kwake. Na funzo lake, wanangu: daftari la umma haliguswi, na karani mwaminifu hajipendelei kamwe.

Jumapili? Ah, hiyo muulizeni Kiboko. Sheria ni yake.