Kiwanja cha Mjane Ukurasa wa Mbele

Kabla hajawa mbunge, Mheshimiwa Mwakalobo alikuwa na gazeti, Kilio cha Mnyonge. Lilimlilia mnyonge kila wiki mpaka mnyonge akampa kura. Kisha akamwendea mnyonge mwenyewe, Bi Siwatu, mjane mkaanga maandazi.

"Ijumaa uhame, mama. Hapa najenga duka langu."

Bi Siwatu alijifuta unga mikononi. "Nitabishana na mkubwa? Ila uchaguzi unarudi, baba, na watu wana midomo. Tupige picha tumeshikana mikono hapa kibandani, waone tumeelewana."

"Na chini ya picha niandike nini?"

"Waniuliza mimi? Mwandishi ni wewe. Andika linalokupendeza."

Mheshimiwa hakuwahi kujinyima sifa. Alhamisi gazeti lilitoka: MBUNGE AMPA MJANE KIWANJA.

Ijumaa alifika na tingatinga, akakuta umati wa wapiga kura ukimpigia vigelegele, maandazi yao yamefungwa kwa ukurasa uleule.

"Mbona hujahama?" alimnong'oneza Bi Siwatu, huku akiwapungia watu mkono.

"Nihame, niliumbue gazeti lako?" Alimchagulia andazi la moto. "Kula, Mheshimiwa. Mtu aliyenipa kiwanja simtozi."