Neno la Familia Kaburini kwa Balozi Mrutu

Balozi mstaafu Elinihaki Mrutu alizikwa Usangi, milimani Upare, Jumamosi saa kumi na dakika ishirini alasiri. Neno la familia halikusemwa.

Aliacha watoto watatu. Namsifu, binti mkubwa, muuguzi wa zahanati, alikuwa na masikio: mtu akisema "sijambo", alijua kama kweli hajambo. Eliamini, wa pili, wakala wa forodha bandarini, alikuwa na uso usiochoka mbele ya dirisha la ofisi. Apaisaria, kitinda mimba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na mikono ya subira.

Baba yao naye alikuwa na kipaji chake. Alipokuwa kijana, vijiji viwili viligombania ndiva, bwawa la kugawia mashamba maji. Alikaa na wazee wa kila upande peke yao, na kila upande ukarudi nyumbani ukiimba. Alikuwa ameuambia kila upande kwamba zamu ya kwanza ni yake. Walipokutana bwawani alfajiri na majembe mkononi, yeye alikuwa ameshapanda basi kwenda chuoni.

Akawa balozi. Mkewe alibaki Usangi na watoto. Mkewe alipofariki, balozi alikuwa kwenye mazungumzo ya amani ya nchi nyingine. Alituma shada la maua. Alipostaafu hakurudi. Alibaki Ulaya, kwenye mji mmoja wa baridi, akifundisha usuluhishi.

Kila Jumapili Namsifu alimpigia simu, na kila Jumapili baba alisema yuko salama. Jumapili moja alimwita binti yake kwa jina la mama yao, akauliza kama kahawa imeshachumwa. Namsifu aliwapigia wadogo zake.

"Baba anapotea," alisema.

"Amezeeka tu, dada," alisema Eliamini.

"Nimemsikiliza miaka yote hii. Nawaambia anapotea."

Eliamini akasafiri. Alimkuta baba kwenye nyumba ya kutunzia wazee; polisi walikuwa wamemwokota barabarani amevaa suti na ndara. Mwanamke wa mapokezi alimuuliza yeye ni nani.

"Mwanawe."

"Hajawahi kutaja watoto."

Eliamini alivuta kiti, akaketi. Kila asubuhi alirudi kwenye kiti hicho, kisha akazunguka ofisi moja hadi nyingine, hadi wakamruhusu kumrudisha baba nyumbani. Ndani ya ndege baba alimwita "Mheshimiwa mjumbe", akamuuliza anawakilisha nchi gani.

Apaisaria akaacha kazi, akahamia nyumba ya baba. Alimwosha, akamlisha, akambadilisha nguo. Mwanzoni baba alimpiga kwa kijiko na kudai aletewe mtu wa itifaki. Kisha Apaisaria akagundua dawa.

"Mheshimiwa Balozi, uji umewasili."

"Umewasili na nani?"

"Na ujumbe wa sukari."

Hapo mzee alifungua kinywa. Ilikuwa hivyo hadi siku alipokufa.

Ziko siku akili ilimrudia. Siku moja alimwambia Namsifu, aliyekuwa amekuja kumpima presha: "Mwanangu, najua nani alinirudisha nyumbani. Siku yangu ikifika, neno la familia utasema wewe. Usiwaambie wenzako, watanuna." Namsifu alilia njia nzima hadi zahanati. Tangu utoto wake, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza baba kumchagua kwa jambo lolote. Hakumwambia mtu.

Neno hilo si dogo. Katika ukoo wao, anayesema kaburini ndiye anayekabidhiwa ufunguo wa nyumba ya marehemu, na ndiye wengine watakayemwendea kwa ruhusa.

Jumamosi, mwakilishi wa serikali alisoma wasifu. Alisema marehemu alikuwa baba wa familia, na kwamba alipatanisha majeshi mawili. "Kila upande ulitoka chumbani ukiamini umeshinda," alisema. Watu walipiga makofi.

Baba mdogo wa watoto, Mzee Mbonea, ndiye aliyekuwa akiongoza. Akaita msemaji wa familia. Wakasimama wote watatu.

"Kaeni wawili," alisema Mzee Mbonea.

Hakuna aliyekaa.

"Baba aliniambia mimi," alisema Eliamini. "Krismasi iliyopita, hapo barazani."

"Aliniambia mimi," alisema Apaisaria, "nikimnyoa ndevu."

Namsifu aliwatazama. "Aliwaambia msiwaambie wenzenu?"

"Watanuna," Eliamini akamalizia.

Mwombolezaji mmoja alicheka, akakohoa kuficha kicheko.

"Basi tuseme ukweli," alisema Namsifu. "Nisingesikia mimi, angefia huko, tusingejua hata kaburi."

"Ungeendelea kumsikia kwenye simu, dada," alisema Eliamini. "Mimi ndiye niliyeulizwa wewe ni nani. Ninyi hamkuulizwa."

"Mlimleta mkamwacha mlangoni kama mzigo," alisema Apaisaria. "Kaka, shuka zake unazijua? Rangi yake tu, nitajie."

"Nani alikulazimisha kuacha kazi?"

"Nyinyi wawili. Kila mmoja alisema ana kazi."

Mchungaji aliomba waseme wote, kila mmoja sentensi moja.

"Ufunguo ni mmoja, mchungaji," alisema Mzee Mbonea. Kisha akawageukia watoto. "Nani kati yenu yuko tayari kukaa?"

Wingu lilikuwa limeshuka mlimani. Namsifu alimtazama Apaisaria, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni, mama yao akiwa shambani. Apaisaria alitazama chini. Eliamini alifunga kifungo cha koti. Wote watatu walibaki wamesimama.

Mchungaji akasoma zaburi, jeneza likashushwa. Walipoitwa kutupa udongo, Namsifu alipomaliza aliliweka koleo chini, na Eliamini akaenda kutafuta koleo jingine. Apaisaria alitupa kwa mkono. Hawakula pamoja chakula cha msiba.

Jumapili Namsifu alirudi zahanati na Eliamini akapanda basi la Dar es Salaam. Apaisaria alilala kwa jirani. Mzee Mbonea ameifunga nyumba. Ufunguo uko mfukoni mwake. Anasema atampa mtu mmoja, na atakayepewa ndiye atakayehesabiwa kuwa alimrudisha baba yake.

Ninyi mnaosikiliza, mngekuwa Mzee Mbonea mngempa nani: aliyesikia, aliyemfuata, au aliyemwosha? Msijibu kwamba wote watatu wanastahili. Hilo marehemu alishawaambia, mmoja mmoja.