Kikapu cha Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge hivyo, kama mlioshinda na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, nchi ya wanyama ilipatwa na ukame. Mto ukawa mchanga mtupu. Simba, mfalme wao, akaamuru wote wachimbe kisima, siku saba bila kupumzika. Lakini akasema kwamba yule ambaye maisha yamemwelemea kuliko wenzake atasamehewa.

Nani awapime? Akachaguliwa Kakakuona, maana husemwa huona yasiyoonekana. Watu kwa kusema! Macho yake hayafiki hata kichuguu cha pili. Simba akampa kikapu. Kila mwenye shida atie kokoto humo, moja kwa kila shida. Akamwonya kuwa akileta jina la uongo, atachimba kisima peke yake.

Kakakuona akaenda, akaenda, akamkuta Kiboko ndani ya tope linalokauka, ngozi imepasuka.

"Habari za maisha, mzee?"

"Njema."

Akamsogezea kikapu. Kiboko hakutia kitu. Kakakuona akaaga, haelewi.

Akaenda, akaenda, akamkuta Punda, mgongo vidonda vitupu, nzi wamemjaa. Akamsalimu. Punda akajibu kuwa habari ni njema, tunashukuru. Kokoto hakutia.

Akaenda, akaenda, akamkuta Bi Kanga amelalia kiota kisicho na yai hata moja.

"Habari za maisha, Bi Kanga?"

"Njema, baba."

Kikapu kitupu. Kichwa kikamzunguka Kakakuona. Ama macho yangu yananidanganya, aliwaza, ama masikio. Akarudi kwa mfalme bila jina.

Simba akachungulia kikapu. Akasema kumbe hakuna mwenye shida, basi wote wakachimbe. Wakachimba siku ya kwanza, wakachimba ya pili. Siku ya tatu Bi Kanga akaanguka shimoni, mdomo kwenye vumbi, hainuki.

Kakakuona aliona aibu, tena aibu kubwa, kwani ni kikapu chake kilichomleta mama wa watu pale. Akateremka.

"Bi Kanga, habari za maisha?"

"Njema," akajibu, sauti haitoki.

Safari hii Kakakuona hakuaga. Alikaa chini. Wala si kwa hekima, jamani, miguu ilikuwa imechoka tu. Akakaa kimya, na Bi Kanga kimya, mpaka vumbi likatulia.

"Njema," akasema tena Bi Kanga, "ila kenge amenilia mayai yote. Kumi na mawili. Tangu siku hiyo sijapata usingizi."

Kakakuona akapigwa na butwaa. Kumbe ile njema ilikuwa salamu tu! Habari yenyewe ilikuwa nyuma yake, na yeye alikuwa akiaga kabla haijatoka. Kote alikopita aliuliza akiwa amesimama, kikapu mkononi.

Akamfuata Punda, akakaa. Njema, ila. Akamfuata Kiboko, akakaa. Njema, ila. Jioni kikapu kilimshinda kukiinua, akakiburura hadi kwa mfalme.

Simba akauliza ni nani basi aliyeelemewa kuliko wote.

"Bwana wangu, sijui," akasema Kakakuona. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ninachojua ni kwamba leo Bi Kanga hawezi."

Simba akakunja uso. Kakakuona akauliza, "Na wewe bwana, habari za maisha?"

"Njema," akasema Simba.

Kakakuona akakaa chini.

Simba akatazama huku, akatazama kule. Mwisho akasema, "Njema, ila naogopa. Maji yasipotoka, nitawaambia nini?" Kisha akanyoosha mkono, akaokota kokoto, akatia kikapuni.

Tangu siku hiyo, kabla ya kushika jembe, wanyama walikaa kwanza. Aliyeelemewa siku hiyo alipumzika, wenzake wakamchimbia. Zile siku saba zikawa tisa, ndipo maji yakatoka, na Bi Kanga alikuwepo kuyanywa.

Funzo ni hili: mzigo wa mwenzio haupimwi kwa salamu. Ukitaka kuujua, kaa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu tugawane, ikiwa chungu niachieni mwenyewe. Na nyinyi, habari za maisha?

Njema?

Haya, sogeeni. Mimi nimekaa.