Nati ya Ndiva

Hapo zamani, ila si ile zamani ya sungura na fisi; hii ni zamani ya juzijuzi, vyuma vimeshaliwa na kutu na watu wameshafeli fizikia. Palikuwa na kijiji milimani Upare, na kijiji kilikuwa na ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Ndiva ilikuwa na lango la chuma. Lango lilifunguliwa kwa kuzungusha nati kubwa, na nati ilikuwa na mkono wa chuma wa nusu mita. Sheria ya pale ilikuwa moja na haikuwa na mjadala: anayefungua ndiva ndiye mwenye zamu ya kwanza.

Mwaka huo mvua iligoma. Maharage yalikuwa kwenye maua, majani yamejikunja. Ndivani mlikuwa na maji ya shamba moja tu, na mpaka yajae tena ni siku nne. Maharage hayangoji siku nne. Na nati nayo ikachagua msimu huohuo kuganda.

Akaja Mbonea, mtu wa mabega, asiyeomba msaada wa kubeba gunia. Akasukuma ule mkono wa chuma. Nati kimya. Akamwita ndugu yake, wakasukuma wawili. Nati ikalia kidogo, ikanyamaza.

Nakiete alikuwa amechutama kando, anachora mchangani kwa kijiti. Alikuwa mshonaji, na watu walimcheka kwa jambo moja. Miaka kumi na miwili nyuma alifeli mtihani kwa swali la vitu vinavyozunguka, na tangu siku ile hakuliacha lile swali. Akikanyaga cherehani, analifanya. Akisonga ugali, analifanya. Shamba lake lilikuwa la kuazima kwa wajomba, na wajomba walikwisha kusema: likikauka msimu huu, wanalichukua.

"Kaka Mbonea," akasema, "nguvu unazo. Ulichokosa ni mkono mrefu. Ukisukuma peke yako ni nyutoni mia sita. Zidisha kwa nusu mita, unapata mia tatu. Mlipokuwa wawili ikawa mia sita, na nati ikalia. Ikipata elfu na kidogo itatoka. Nipatieni bomba la mita tatu tuuvishe mkono huu. Mia sita mara tatu ni elfu moja na mia nane. Nati gani itakataa?"

Bomba la namna hiyo lilikuwa moja kijijini kote, nalo lilisimama katikati ya jiko la Mama Namsifu, mjane, limeshikilia paa. Mama Namsifu hakuuliza mara mbili.

"Jiko nitajenga," akasema. "Maharage sitayafufua."

Akaling'oa bomba. Paa likaanguka nyuma yake, naye hakugeuka kulitazama.

Wakalivisha bomba, likalala sambamba na ukuta wa ndiva. Mbonea akapanda juu ya ukuta, mwembamba ule, akakita miguu, akasukuma kwa bega la kulia. Bega likalia ko. Nati haikusogea hata unywele.

"Mshonaji, rudi kwenye vifungo vyako," mtu mmoja akasema, na wengine wakacheka.

Nakiete aliona aibu, tena aibu ya kweli. Lakini hakuondoka. Alizitazama nyayo za Mbonea juu ya ukuta, zote zimeelekea kwenye nati, akajua.

"Kosa ni langu," akasema. "Ukuta ni mwembamba, ukasukuma kimshazari. Nguvu yako nyingi ilikuwa inaikandamiza nati, nusu tu ndiyo inaizungusha. Mia tatu mara tatu ni mia tisa, haitoshi. Ndilo kosa lililonifelisha shuleni, na leo nimelirudia kwenye bega lako. Nisamehe, kaka."

"Na sasa?"

"Sasa shuka matopeni. Simama ubavuni mwa bomba, sukuma kwa pembe mraba."

"Kwa bega lipi, dada yangu? Moja limekwisha."

"Kwa hilo zima. Nyutoni mia nne tu. Mara tatu, elfu moja na mia mbili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Mbonea angeweza kwenda zake. Maumivu yalimtoa machozi mbele ya watu. Akashuka, tope likamshika magotini, akaweka bega la kushoto, akasukuma. Nati ikalia. Nati ikapiga kelele. Nati ikazunguka, na maji yakaingia mferejini.

Chini, mifereji inapoachana njia tatu, alisimama Mzee Sefania, mgawa maji, ameshika jembe. Wote watatu wakamkimbilia.

"Mzee, mimi ndiye niliyefungua," akasema Mbonea. "Hesabu haikushika chuma. Bega ni langu, na msimu huu sitalima tena. Nilicho nacho ni hayo maharage."

"Alisukuma kwa bomba la nani?" akasema Mama Namsifu. "Bila bomba wangesukuma mpaka kesho. Hawa walitoa jasho. Mimi nimetoa nyumba ya moto wangu, na wanangu watakula nini nisipovuna?"

Nakiete akasema, "Mzee, nilikosea mara moja, sikatai. Lakini mwenye nguvu alikuwapo tangu asubuhi, na bomba lilikuwapo miaka yote. Nati ilizunguka hesabu ilipokuwa sahihi. Nipe zamu yangu, nisinyang'anywe shamba."

Kisha jicho lake likaangukia mkono wa Mbonea unaoning'inia, akarudi nyuma hatua moja.

Maji yamefika miguuni pa Mzee Sefania. Hayagawanyiki, yakikatwa mara tatu yatanywewa na mchanga kabla ya kufika shamba lolote. Jembe liko juu. Haya, nanyi mliosikia kila mmoja akisema lake, msaidieni mzee kabla maji hayajapita: je, nani anastahili maji haya?