Prosesa ya Diwani Lugome

Kompyuta ya Diwani Lugome ilizeeka hata kufungua barua ikawa shughuli. Akamwita Mashavu, fundi wa kompyuta pale sokoni.

“Kang'oe prosesa, ule ubongo wa kompyuta mpya ya shule, uifunge kwenye yangu. Ukikataa, kibanda chako nakivunja!”

“Hewala, mheshimiwa.”

Jioni Mashavu akairudisha mashine. “Tayari. Ina kasi mno! Kila faili ulilolificha litafunguka lenyewe mbele ya wakaguzi.”

Diwani akanong'ona. “Hata lile la saruji ya zahanati?”

“Hilo ndilo litakalotangulia.”

“Mungu wangu! Ing'oe, uirudishe shuleni sasa hivi!”

Mashavu akaitikia kwa adabu. Kompyuta ya shule hakuwa ameigusa, ya diwani aliipangusa vumbi tu, na habari za saruji ndiyo kwanza alizisikia hapo.