Njiti Hatabiriwi

"Njiti hatabiriwi, hubebwa." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia jirani pale uani, nanyi mkatazamana, mkaniuliza ni methali gani hiyo ambayo hamkufundishwa shuleni. Haya, sogeeni. Imetoka huku huku kwetu, milimani Upare, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Nakijwa, mke wa Mbonea mkulima wa tangawizi. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Ya tatu aliilea kama mtu avukaye mto na kaa la moto mkononi. Hata hivyo, mwezi wa sita haujaisha, uchungu ulimshika shambani, na kabla jua halijazama alikwisha kujifungua mtoto wa kike katika hospitali ya misheni. Alikuwa njiti hasa: mwekundu, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, unyayo wake haufikii urefu wa kidole gumba cha mama yake.

Wakamlaza katika kisanduku cha joto chenye kioo. Nakijwa akaketi upande wa pili wa kioo. Maziwa yalimjaa, yakalowesha gauni, na hana wa kumnyonyesha. Kila alipopita wodi ya pili na kusikia vichanga vya wenzake vikilia, alisimama ukutani akasikiliza, kama mwenye njaa anayenusa chungu cha jirani. Mwanawe hakulia. Alifungua mdomo tu, sauti haikutoka.

Mama mkwe alikuja kumwona, akachungulia kiooni, kisha akamvuta pembeni.

"Mwanangu, usimpe jina. Wala usimzoee. Ukimzoea utaumia mara mbili."

Hakusema kwa ubaya. Naye aliwahi kuzika.

Nakijwa akalishika shauri lile. Muuguzi alipomwambia apenyeze mkono amguse mtoto, alisingizia kwamba vidole vyake ni vya baridi, kumbe vilikuwa vikimwasha kwa hamu. Baadaye muuguzi akamweleza kuwa mtoto anaweza kutolewa kisandukuni, alazwe kifuani pake, ngozi kwa ngozi, joto la mama limkuze. Kwenye kitanda cha jirani, mwanamke aitwaye Eliwaza alikuwa amekwisha kumfunga wa kwake kifuani kwa khanga. Nakijwa akakataa. Alimngoja daktari.

"Daktari, niambie kwanza. Atapona?"

"Mama, sitakudanganya. Wanaozaliwa mapema hivi, wengi hawafiki nyumbani. Na wanaofika, wako wanaochelewa kutembea, wako wasioona vizuri. Wako pia wanaokuja kunisalimu na sare zao za shule."

"Na wangu je? Yumo katika kundi lipi?"

Daktari alimtazama mtoto kitambo. "Hao nawajua kwa wingi wao. Huyu mmoja simjui. Nikikuambia atapona nitakuwa nabahatisha, na nikikuambia atakufa, vilevile."

"Basi nitangoja mpaka ujue."

"Kujua kutakuja, mama. Lakini kutakuja baadaye, na yeye anahitaji joto leo."

Nakijwa alifungua vifungo vya gauni.

Walipomlaza mtoto kifuani, hakuhisi uzito wowote. Alihisi vikucha, na moyo mdogo unaodunda mbio. Machozi yote aliyoyabana yakamtoka.

Jumapili mama mkwe akarudi, akamkuta hivyo. "Wamesemaje? Atapona?"

"Hawajui, mama."

"Sasa mbona umembeba?"

"Njiti hatabiriwi, mama. Hubebwa. Na jina lake ni Namvua." Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati.

Bibi yule akanyoosha mkono, akamvutia mtoto khanga mgongoni.

Haukupita muda, mtoto wa Eliwaza akafa, kifuani hapo hapo kwa mama yake. Nakijwa alijifunika uso, akiona haya kwamba wake anapumua. Lakini Eliwaza, alipokwisha kufunga mzigo wake wa kurudi nyumbani, alimjia, akakitazama sana kichwa cha Namvua.

"Neno ulilomwambia mkweo nililisikia," akasema. "Ni kweli. Wangu nilimjua, mwenzangu. Alipenda kulala sikio likiwa hapa kifuani. Ningengoja kuambiwa, ningezika mgeni."

Namvua alifika nyumbani. Alianza kutembea wenzake wakikimbia, na mpaka leo huvaa miwani mizito. Ila methali haikuenezwa na Nakijwa. Ni Eliwaza, ambaye hakujaaliwa mtoto mwingine, aliyeipandisha vilima na kuiteremsha. Akisikia mahali pamezaliwa njiti, alikwenda. Wakimwuliza kama mtoto ataishi, hakuahidi. Alimsaidia mzazi kufunga khanga, akaomba ampakate na yeye, kidogo tu. Na alipomrudisha alisema:

"Njiti hatabiriwi, hubebwa."