Kitabu Kilichoitwa "Nimeshinda"

Kulikuwa na mwimbaji mmoja, ndugu zangu, ambaye nyimbo zake mwaziimba hata jikoni. Pombe ilimwangusha mchana kweupe, jukwaani, mama yake akitazama. Akatibiwa, akarudi, akaandika kitabu asifiche kitu. Wachapishaji wakakipa jina: *Nimeshinda*.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Zilisomwa kurasa za machozi, watu wakalia. Kisha mshereheshaji, kwa mazoea ya shughuli zetu, akapaza sauti: "Shampeni!" Kizibo kikaruka, povu likamwagika, na wageni wakaja wakicheza, glasi mikononi, kugonga na mwenye shughuli. Sherehe bila kugonga glasi ni sherehe gani? Hakuna hata mmoja aliyejiuliza wanamgongea nani.

Glasi ikafika mkononi mwake. Harufu ikampanda. Koo likaitambua kabla yeye hajaitambua, mate yakamjaa kinywani.

"Gonga, staa!" ukumbi ukaimba. "Gonga!"

Akairudisha kwenye sinia. Nusu ya kinywaji ikamwagika.

Shangazi yake, aliyependeza kwa kitenge cha sare, akacheka. "Makubwa! Si umeandika mwenyewe kwamba umeshinda? Tone moja litakufanya nini?"

"Nimeshinda, shangazi," akasema. "Nimeshinda kama anavyoshinda mgonjwa. Tangu asubuhi mpaka saa hizi, sijambo. Kulala bado."

"Na kesho?"

"Kesho uniulize kesho."

Muziki ukazimwa. Watu wakamtazama, wakatazama jalada, wakanuna kama walionunua tunda bichi. "Kumbe bado!" mmoja akanong'ona, akakirudisha kitabu mezani.

Ndugu zangu, mtu huyo alikuwa ametoka kwenye vita mbele ya macho yao, nao wakaona wametapeliwa! Mnawacheka? Sisi je? Humu kanisani anayesema "nilikuwa" tunampa kipaza sauti, tunampigia na vigelegele. Anayesema "bado" tunampa kisogo. Ndiyo maana wengi wetu tumejifunza kusema "nilikuwa" mapema mno, tukaenda kuanguka peke yetu.

Mmoja wao yupo hapo kwenye benchi lako, bega kwa bega nawe. Amevaa vizuri, ameimba vizuri. Mgeukie. Usimwulize kama ameshinda au ameshindwa. Mwulize tu, "Umeshindaje?" Halafu, kwa mara moja, ngoja jibu.